Kanda ya Ukumbi wa Wanawake

Jumapili ile alasiri, Ukunda nzima ilimwona Twaiba binti Kibwana akicheza chakacha.

Walimwona watu wa Mvindeni, wakamwona wa nyuma ya soko, wakamwona wauza mahamri, mafundi cherehani na wapishi wa hoteli waliokuwa mapumzikoni. Nywele wazi, mabega wazi, leso kaikaza kiunoni, na kiuno chenyewe, jamani, kikizunguka kama kimetiwa mafuta. Kina mama wamemzingira, vigelegele juu ya vigelegele. Na katika kibanda kimoja cha kahawa, kikombe mkononi, kati ya wanaume wenzake, alikuwa ameketi Ramadhani. Mumewe.

Jumatatu asubuhi Twaiba alishuka kwao, mtoto mgongoni, sanduku mkononi. Hakuachwa. Aliambiwa tu, "Nenda kwa babako, nifikirie." Na mwanamke yeyote wa huku atakwambia, talaka ukishaipata utalia yaishe, lakini hilo la kufikiriwa halina siku ya kuanua matanga.

Jumanne, baada ya sala ya alasiri, Mzee Kibwana akatuma aitwe Absalom mwenye dishi.

Absalom hakuwa na haja ya kutambulishwa. Alikuja kutoka Busia kuwa fundi wa redio na televisheni katika hoteli moja ya Diani. Watalii walipokatika na hoteli ikafunga milango, wenzake walirudi kwao na barua za kuahidiwa mishahara. Yeye akaomba apewe dishi. Watu walimcheka alivyolikokota kwa mkokoteni hadi Ukunda. "Mbara kapagawa," walisema, "atalikorogea saruji lile." Haukupita mwaka, nyaya zake zikawa zimetambaa juu ya mapaa ya makuti na mabati kama marando ya viazi. Kombe la Dunia la Ufaransa lilipochezwa, bibi ambaye hajawahi kumiliki hata redio alikuwa anabishana na wajukuu juu ya penalti.

Na mkono wake ulikuwa wazi. Aliyekubali waya upite juu ya paa lake alitazama bure. Hospitali ya Msambweni aliipelekea televisheni na dishi lake katika wodi ya mifupa, wagonjwa wa muda mrefu wapate kusahau vyuma walivyofungwa. Mayatima aliowanunulia sare za shule, watu walikuja kuwajua kwa walimu, maana yeye hakusema.

Kila Jumapili alasiri ilikuwa zamu ya kanda za nyumbani. Ukimletea kanda ya harusi, ya maulidi, ya mpira wa vijana, aliitia kwenye mashine yake na kuirusha kwenye waya, Ukunda ijitazame. Ndicho kipindi alichokipenda kuliko vyote.

Ndicho kilichomponza.

*

Alifika na Jacktone, msaidizi wake, mtu wa kupanda mapaa na kuvuta nyaya. Kwenye baraza za majirani mazungumzo yalikatika ghafla. Wanawake waliokuwa wakichambua mchicha walianza kuuchambua polepole, wasije wakaumaliza kabla ya mambo kuanza.

"Boss," Jacktone alinong'ona, "mi nitakungoja hapa nje."

"Si ulisema tutaingia pamoja?"

"Nilisema. Lakini nimemcheki yule shangazi yao. Ameingia na ile mbuzi ya kukuna nazi, na sioni nazi."

Absalom hakucheka. Alizunguka ubavuni mwa nyumba kutafuta pa kunawa miguu iliyojaa vumbi, na hapo, kando ya pipa la maji, Esha, mdogo wake Twaiba, alikuwa anamngoja.

Buibui lilikuwa limeteleza hadi mabegani. Macho yalikuwa yamevimba. Macho hayo ndiyo aliyoyaona kwanza kule Msambweni, siku alipopanda kiti kufunga televisheni na msichana aliyekuwa akimlisha babake uji akainua uso, akasema, "Kaka, ukianguka hapa vitanda vimejaa." Tangu siku hiyo Absalom alipata sababu ya kuirekebisha televisheni ile hata ilipokuwa nzima. Mzee alipotoka hospitalini, Absalom alianza kwenda kwa Maalim kusoma dini. Ilikwishapangwa kwamba atatamka shahada na kupeleka washenga kabla ya mwezi wa kufunga. Shangazi alipinga, "mbara huyo, hana hata kaburi la babu yake hapa," lakini Mzee alikuwa ameshalainika.

"Esha."

"Usinikaribie. Dirisha lile liko wazi." Akashusha sauti. "Kwa nini, Absalom? Nilikuletea kanda uiunge. Mashine yetu iliitafuna, nikaja kwako mbio, nikakwambia nitaifuata Jumatatu. Nilikwambia uirushe?"

"Hukuniambia nisiirushe."

"Ni kanda ya kupamba! Ya ukumbini, ya wanawake peke yao! Nani asiyejua?"

"Mimi."

"Miaka mitatu unakula kwenye harusi zetu!"

"Nimekula pilau ya nje, Esha. Chini ya turubai, na wanaume. Ndani sijawahi kuingia, nitajuaje kuna nini?" Alijaribu kuyakamata macho yake, nayo yakamkwepa. "Niliiunga, nikaijaribu kama inazunguka vizuri. Nikaona watu wamependeza, wamefurahi. Nilitaka kukushtua kwa furaha. Nikasema, Jumapili akikaa sebuleni na wenzake, aone watu wake."

Esha alijifunika uso kwa viganja. Angeweza kumchukia kama angekuwa amefanya kwa ubaya. Hili la kufanya kwa mapenzi halikumwachia pa kushika.

"Nyumbani hawajui kama ni mimi niliyeichukua kabatini kwa Shangazi," alisema. "Dada hajui. Tangu jana amelala kitandani kwangu, nimemshika mkono, analia anauliza, ni nani aliyenifanyia haya? Na mkono uliobeba kanda ndio huu alioushika."

"Unataka nisikutaje."

Esha alivuta buibui kichwani, akatazama maji ya pipa.

"Sikutaji," Absalom akasema. "Nawa uso, uingie ndani."

*

"Hodi."

"Hodi ya nini?" sauti ya Shangazi Mejumaa ilimpokea kabla hajavua viatu. "Si wewe ushaingia kila nyumba bila hodi?"

"Mejumaa," Mzee Kibwana alimkatiza dadake. "Mwache mgeni aketi. Karibu, Absalom."

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," alijibu Mzee. Ya kwake Shangazi aliibana mdomoni.

Absalom aliketi ukingoni mwa kochi. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha mgongo mrefu, mkongojo umelala mapajani. Mbele yao pazia la maua mekundu lilitenganisha sebule na vyumba vya ndani, na chini ya pazia zilionekana nyayo za miguu miwili: mmoja una hina iliyofifia, wa Twaiba, mwingine hauna. Absalom aliujua ule usio na hina.

"Mwanangu," Mzee alianza, "mimi nimelala chini ya televisheni yako miezi mitatu. Sikukuita kukutukana. Nataka uniambie mambo mawili tu. La kwanza: ulijua unachokionyesha?"

"Sikujua, Mzee."

"Hukujua ni harusi?"

"Harusi nilijua. Kwetu kanda ya harusi hupelekwa hadi kwa jirani ambaye hakualikwa, naye ashibe kwa macho. Sikujua iko ya kufichwa."

"Ya kufichwa!" Shangazi aliruka. "Hebu msikilizeni! Harusi ya binti yangu, mlangoni nimeweka wanawake wawili wenye vifua kama milango yenyewe. Mtoto wa kiume aliyeacha ziwa hakuingia. Mpiga picha nimemtafuta mwanamke, nimemtoa Mombasa. Kina mama wakivuka kizingiti wanavua mabuibui, kwa sababu wanajua waliomo ni mama zao na dada zao. Kanda yenyewe tukiitazama tunafunga madirisha, tunakufa na joto! Wewe ukaitia kwenye waya ikafika mpaka kwa wachoma mishikaki!"

"Niliizima, Shangazi, mara tu..."

"Uliizima niliposimama mlangoni kwako na mbuzi hii mkononi! Twaiba ameshamaliza duru ya pili! Mke wa imamu naye ameshaonekana anakula keki mdomo wazi!"

Nje, kwenye baraza ya jirani, mtu alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Mzee alipiga sakafu kwa mkongojo.

"Nimekosa," Absalom alisema. "Sina la kujitetea. Kwa kila mama aliyeonekana mle, nitakwenda mlangoni mwake nimwombe radhi. Kipindi cha Jumapili nimekwisha kukifunga."

"Hilo nimelipokea," Mzee akasema. "Asiyejua si kama anayejua. Ningeweza kusimama mbele ya Ramadhani nikamwambia, mkwe wangu, huyu ni mgeni, hakukusudia, na mkeo hakutoka barabarani kucheza; alicheza mahali pake. Lakini nisimame na ukweli wote mkononi. La pili, basi. Kanda ilikuwa kabatini kwa dada yangu. Kanda haina miguu. Nani aliyekupa?"

Feni ya mezani iligeuka kushoto, ikageuka kulia.

"Nauliza nani, Absalom."

"Hakuna aliyenipa, Mzee." Aliitazama ile feni. "Niliichukua mwenyewe. Nilipokuja kurekebisha televisheni ya Shangazi mwezi uliopita, niliiona. Nikaichukua."

"Mwizi!" Shangazi aliinuka, leso ikamdondoka begani. "Nilisema mimi! Nilisema! Nyumba nimemfungulia, chai nimempa, na maandazi mawili ya iliki, kumbe anapekua kabati!"

Mzee Kibwana hakuinuka. Alimtazama Absalom kwa muda mrefu, na ule upole uliokuwa usoni ukawa unajiondokea kidogo kidogo, kama maji yanavyojiondokea mchangani.

"Uliiba," alisema.

"Nilichukua, Mzee."

"Kuna tofauti gani?" Aliushika mkongojo kwa mikono miwili. "Unajua nilivyokuwa nikikusema msikitini? Watu wakiniuliza, Kibwana, huoni huyo si wa kwetu, nikiwajibu, huyu ana amana kuliko wengi wa kwetu. Leo unaniambia uliingia nyumba ya mjane ukatoka na kitu chake chini ya shati. Basi waya wako utoke juu ya paa langu. Washenga usilete. Na hapa..." Sauti yake ilitetereka, akakohoa kuisafisha. "Hapa usije tena."

Nyuma ya pazia, ule mguu usio na hina ulirudi hatua moja nyuma, kisha ukasimama.

Absalom aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshaanza kuinuka Mzee alipomwita tena.

"Ngoja. Kuna kitu hakinikai. Mimi nimekujua. Mgonjwa aliyelala kitanda cha jirani alisahau saa yake kwenye meza ya televisheni yako, ukazunguka wodi nzima kumtafuta mwenyewe. Maalim ananiambia umefika kwenye kutamka shahada. Mtu anayetaka kuingia dini hii hawezi kuanza na jina la Mungu mdomoni kwa uongo. Niapie. Sema, wallahi niliiba mwenyewe, hakuna aliyenipa. Ukishasema nitaamini, na utakwenda zako."

Hilo Absalom hakulitarajia. Kumdanganya mzee, alikuwa ameshajiambia, ni dhambi ndogo ya kumkinga mtu. Lakini neno hili la wallahi alikuwa amejifunza uzito wake kwa Maalim, jioni baada ya jioni, na Maalim alimwambia kuna watu wamekufa maskini ili wasiliseme kwa uongo. Alifungua mdomo. Aliufunga. Akaufungua tena.

"Wa..."

"Usiape!"

Pazia lilivutwa kwa nguvu hadi pete moja ikang'oka. Esha alisimama kati yao, kichwa kimefunikwa vibaya.

"Usiape, Absalom. Usijichome kwa ajili yangu. Baba, mimi ndiye niliyempa."

"Astaghfirullah," Shangazi alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alisema kwa sauti ndogo.

"Niliichukua kwa Shangazi bila kumwambia. Nilitaka kuitazama na wenzangu. Mashine ikaitafuna. Nikaogopa, nikampelekea Absalom aiunge, sikumwambia ni kanda gani. Nilidhani anajua. Sikufikiri, Baba. Sikufikiri kabisa."

"Ulikwenda dukani kwake," Shangazi akasema, akihesabu mambo usoni. "Na nani?"

Esha aliinama akaokota ile pete ya pazia.

"Peke yako. Mwanamwali. Na alasiri watu wanakuona."

"Shangazi, mlango ulikuwa wazi," Absalom akaingilia. "Jacktone alikuwepo muda wote, muulize, yuko hapo nje."

"Wewe nyamaza! Umesema uongo mbele ya mvi hizi, unataka kuongeza shahidi?"

Mzee Kibwana alikuwa ameuficha uso kwa mkono mmoja. Haikujulikana analia au anawaza. Alipozungumza, hakumwambia Absalom, wala Esha. Alisema, "Twaiba. Umesikia."

Twaiba alitoka taratibu. Alikuwa mkubwa kwa Esha kwa miaka mitano, na Ukunda yote ilisema yeye ndiye mwenye uzuri na mdogo ndiye mwenye ulimi. Siku ile hakuwa na chochote. Leso ya kulalia, nywele zimefungwa kitambaa hadi kwenye nyusi, mtoto amelala begani. Mwanamke yule aliyezungusha kiuno katikati ya vigelegele hukuweza kumwona ndani ya huyu hata kwa tochi.

"Dada," Esha alipiga magoti. "Dada, nisamehe."

"Jana," Twaiba akasema, "nilikuuliza mara ngapi?"

"Dada..."

"Ukaniambia, Mungu atamfichua. Ukanifuta machozi kwa upande wa leso yako. Ukanipikia uji."

Esha aliinamisha kichwa mpaka kikagusa miguu ya dadake. Absalom alifanya hatua moja mbele, akajizuia. Hakuwa na haki ya kumwinua mbele ya watu hawa, na labda hangekuwa nayo tena.

"Twaiba," alisema, "dada yangu, nisikilize. Nitakwenda kwa Ramadhani leo hii. Nitamwambia kosa ni langu, anitukane, anipige akitaka."

Twaiba alimgeuzia macho. Halafu, kama aliyekumbuka huyu naye amemwona, alivuta leso akajifunika mpaka kidevuni.

"Utamwambia nini? Kwamba hukumwona mkewe? Umeniona. Wamepata kuniona wote. Ramadhani si mtu mbaya. Alikuja nyumbani Jumapili hakufoka hata. Aliketi mlangoni, akasema, Twaiba, kila mtu akinisalimia nadhani anacheka. Hasira yake ningeitafutia dawa. Hilo nitalitibu kwa nini?"

Mtoto alijigeuza begani, akanung'unika, akalala tena.

"Baba," Twaiba akasema, "usimfukuze huyu."

Esha aliinua uso.

"Kusema uongo alisema ili kumsitiri Esha. Nani alinisitiri mimi? Usimfukuze, na waya uache paani. Ila mimi nina neno langu, na nalisema mbele yenu wote." Alikuwa akiongea polepole, bila chuki, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Washenga wasije mpaka niitwe nyumbani kwangu. Siku Ramadhani atakapokuja kunichukua, hiyo hiyo na waje, na nitapiga vigelegele mimi mwenyewe. Asipokuja, basi wasije. Siwezi kulala ndani ya nyumba hii nimerudishwa, huku nikisikia ngoma ya aliyenirudisha."

"Mpaka lini?" Absalom alijikuta anauliza.

"Muulize anayefikiria."

Shangazi Mejumaa aliiokota leso yake sakafuni, akaitupia begani. Mzee alishusha mkono usoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni haki yake," alisema. "Mimi siwezi kumpinga. Lakini sitamlazimisha yeyote. Esha, umelisikia neno la dada yako. Unasemaje?"

Absalom alimtazama. Alitaka Esha naye amtazame mara moja tu, aone ndani ya macho yale kama bado wako pamoja, hata kama ni kungoja mwaka, hata miwili. Angengoja. Alikuwa tayari kumwambia hivyo mbele ya mbuzi ya nazi na baraza zote za Mvindeni. Midomo yake ilikwisha kuanza kulitamka jina.

Esha alikuwa bado amepiga magoti. Alinyoosha mikono yote miwili juu, kwa dada yake. Twaiba akainama, akamwekea mtoto mikononi.

"Nimekubali, dada," Esha akasema.

Alisimama na mtoto kifuani. Absalom alikuwa njiani, kati yake na pazia, ikambidi asogee kumpisha. Esha alipita karibu kiasi cha Absalom kusikia harufu ya udi kwenye nguo zake, macho yakiwa kwenye mgongo wa Twaiba aliyekuwa ametangulia, na akamfuata huko huko ndani.